Dondoo muhimu: Mtoto mwenye disleksia apate msaada wapi?

Anakusimulia hadithi ya sungura na fisi mwanzo hadi mwisho, lakini ukimpa kitabu anasoma "dada" kama "baba". Huyo si mvivu; huenda ana disleksia, yaani ugumu wa kusoma na kuandika. Usimchape, wala usikubali arudie darasa kabla hajapimwa.

Anza na macho na masikio, hospitalini. Yakiwa sawa, nchini Kenya mpeleke kituo cha tathmini cha EARC kilicho karibu nawe, au KISE, taasisi ya elimu maalumu kule Kasarani, Nairobi. Beba madaftari yake: makosa yanayojirudia yanasema mengi zaidi kuliko ripoti ya muhula.

Majibu yakitoka, mpe mwalimu mkuu nakala, ubaki na yako. Omba mambo mahususi: akae mbele, asilazimishwe kusoma kwa sauti mbele ya wenzake, maswali asomewe. Muda wa ziada katika mitihani ya KNEC, baraza la mitihani la Kenya, huombwa kupitia shule, kwa hiyo lizungumzieni suala hilo mapema.

Ukimtafutia mwalimu wa masomo ya ziada, muulize atafundishaje. Akijibu "mazoezi mengi tu", endelea kutafuta. Unayemtaka huanza na sauti za herufi, kisha silabi, ba-be-bi-bo-bu, mtoto akichora herufi kwa kidole kwenye sinia la unga huku akiitamka. Nusu saa mara 3 kwa wiki inafaa kuliko Jumamosi nzima. Kiingereza kitamsumbua zaidi, maana hakisomeki kama kilivyoandikwa, kwa hiyo msimharakishe.

Na jioni msomee wewe, vitabu vya umri wake.