Mtu Akisema, "Mmenakili Kazi Yangu"



Somo letu safari hii ni juu ya barua ambayo hakuna kikundi kinachopenda kuipata. Tuseme mmechapisha kijitabu cha ufugaji wa nyuki. Mnakiuza shilingi 50 siku ya soko, na pesa zinaingia mfuko wa mizinga mipya. Mara inakuja barua ya mwalimu fulani: "Kurasa hizo ni zangu. Acheni kuuza, na mnilipe." Mtafanyaje?

Msiitupe, wala msikimbilie kulipa. Malalamiko si hukumu ya korti. Katibu aandike tarehe barua ilipofika, aiweke kwenye faili, na mwenyekiti aite kamati. Mjibuni kwa ufupi: tumepata barua yako, tunachunguza, tutakujibu kabla ya tarehe fulani. Vijitabu vilivyobaki viwekwe kando kwanza. Kuviweka kando si kukiri kosa.

Kisha mwulizeni ni kurasa zipi, na aliziandika lini. Wekeni kazi yake na yenu mezani, mzilinganishe mstari kwa mstari. Hapa twende polepole, maana ndipo watu huchanganyikiwa. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya, ya mwaka 2001, hailindi maarifa yenyewe. Inalinda jinsi mtu alivyoyaandika au alivyoyachora. Kwamba mzinga utundikwe penye kivuli, karibu na maji, si mali ya mwalimu. Hata nyuki wanalijua hilo! Mkiwa mmelieleza kwa maneno yenu wenyewe, mwonyesheni kwa upole. Lakini kama mlipiga fotokopi mchoro wake, au mlinakili aya zake neno kwa neno, ana haki, hata kama hakukisajili kitabu chake popote. Haki huanza pale kazi inapoandikwa. Hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya mwaka aliokufa, kwa hiyo hata watoto wake wanaweza kuja kudai.

Wengine watasema, "Lakini tuliandika jina lake!" Ni vizuri, ila jina si ruhusa. Na "alituruhusu kwa mdomo"? Hiyo inaweza kuwa ruhusa kweli, lakini shahidi ni nani?

Jambo moja zaidi kabla ya kufungua mkoba. Je, huyu ndiye mwenye haki? Pengine alishamwuzia mchapishaji, na mauzo kama hayo lazima yawe kwa maandishi. Ombeni kuyaona. Pesa zikienda kwa asiye mwenyewe, mwenyewe bado atakuja. Akiwa ndiye, kaeni naye mkubaliane: kurasa zitolewe, au alipwe kiasi fulani kwa kila nakala. Muandikishane na kutia sahihi, na mweka hazina asitoe hata senti kabla ya karatasi hiyo. Mkishindwa kuelewana, iko Bodi ya Hakimiliki ya Kenya.

Kama kijitabu kiko kwenye intaneti, marekebisho ya sheria ya mwaka 2019 yanamruhusu mwenye kazi kuiandikia kampuni inayokihifadhi ili ikiondoe. Nanyi mnaweza kupinga kwa maandishi, lakini muda ni mfupi. Anayelalamika kwa uongo ana kosa la jinai.

Zungumzeni kikundini: Michoro ya kijitabu chetu ilitoka wapi? Nani aliomba ruhusa, na karatasi iko kwa nani?