SOMO LA UFUNDI: GARI LILILOINULIWA NA PEMBE ZAKE



Katika mashamba ya michikichi, kuanzia Rumonge kushuka hadi Nyanza-Lac na Kabonga, magari mengi yanayobeba mikungu na watu yameinuliwa. Bapa zimeongezwa kwenye springi, au shekeli ndefu zimefungwa. Sababu twaijua. Njia za milimani zina makorongo, na mikungu haingoji: ikicheleweshwa baada ya kukatwa, asidi huongezeka katika mafuta na bei huanguka. Hatupingi gari kuinuliwa. Tunapinga kuliinua na kuziacha pembe zake zilivyoharibika, halafu gari likitoka barabarani dereva ndiye anayeulizwa kwa nini alikimbia.

Kasta ni nini? Tazameni baiskeli. Uma wa mbele haukusimama wima. Kichwa chake kimelala nyuma kidogo. Ndiyo maana baiskeli inayokwenda hupenda kunyooka yenyewe. Gari nalo lina mlalo huo: king pini, ambazo magurudumu ya mbele huzizunguka wakati wa kukata kona, hulala nyuma kwa juu. Katika Land Cruiser za zamani zenye ekseli nzima mbele, mlalo huo ni digrii chache tu, kama 1 hadi 3. Ni kidogo, lakini ndio unaorudisha usukani baada ya kona. Ukipotea, gari hutangatanga, na dereva hushinda akilisahihisha kutwa nzima.

Hupoteaje? Shekeli ndefu zikifungwa kwenye ncha ya mbele ya springi, ekseli huzunguka, king pini husogea mbele kwa juu na kasta hupungua. Kwenye magari ya springi za koili, ambayo mikono ya ekseli imefungwa kwenye chesi kwa nyuma, kuinua huleta hasara hiyo hiyo. Liko na jambo ambalo wengi hawalifikirii: ukiongeza bapa nyuma peke yake ili gari libebe zaidi, matako ya gari hupanda, pua huinama, na kasta hupungua bila mtu kugusa ekseli ya mbele. Likijazwa mikungu hukaa sawa kidogo. Likirudi tupu ndipo huwa baya. Madereva wanaosema gari tupu ni gumu kuliko lenye mzigo si waongo.

Dawa ya kawaida kwa springi za bapa ni kabari ya chuma kati ya springi na ekseli. Ikiwa springi iko chini ya ekseli, upande mnene wa kabari huelekea mbele. Ikiwa springi iko juu ya ekseli, upande mnene huelekea nyuma. Fundi akigeuza, anaongeza ugonjwa. Kabari za aluminiamu hatuzipendi, kwani hupondeka na yubolti hulegea. Kwa magari ya koili kuna bushi zenye tundu lililosogezwa upande, nazo hufanya kazi hiyo hiyo.

Sasa ndugu, hapa ndipo penye ugumu. Ekseli na difu ni kitu kimoja. Ukilaza king pini nyuma kwa digrii 3, pua ya difu ya mbele, ambayo hutazama nyuma, hushuka digrii 3 hizo hizo. Kardani, ambayo wengine huiita propela shafti, tayari imekaa mteremko kwa sababu gari limeinuliwa. Krosi inayofanya kazi katika pembe haizungushi kwa mwendo mmoja: katika kila mzunguko huharakisha mara mbili na kupunguza mara mbili. Krosi ya upande wa pili hufuta kosa hilo, ikiwa tu pembe zake mbili ni sawa na uma za kardani zimepangwa katika mstari mmoja. Zikitofautiana, kardani hutetemeka, grisi hurushwa, na vumbi jekundu la kutu huonekana penye krosi. Wapo mafundi wanaoielekeza pua ya difu moja kwa moja kwenye giaboksi. Hiyo ni sawa kwa kardani yenye krosi mbili pamoja upande wa giaboksi, si kwa kardani ya kawaida.

Basi tuchague nini? Gari ambalo kardani yake ya mbele husimama dereva akifungua makufuli ya magurudumu ya mbele, tunasema kasta kwanza. Kwenye RN3, penye mwendo, kardani hiyo haizunguki. Mlimani kwa gia nzito huzunguka polepole. Gari linalovuta kwa magurudumu manne wakati wote halina nafasi hiyo. Hapo ama gari lishushwe kidogo, ama karakana kubwa ikate ncha za ekseli na kuzichomea upya katika pembe nyingine, kazi isiyofaa kufanywa chini ya mti.

Kabla ya kabari yoyote, kagueni bushi, beringi za king pini na tairodi, maana chuma kilicholika hudanganya kipimo. Pimeni mahali tambarare, upepo wa matairi ukiwa sawa, mkiweka kipima pembe kwenye uso wa flanji ya difu na ya giaboksi. Asilale mtu chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Lipo na la haki. Tumeona krosi zikikatwa kwenye mshahara wa dereva ambaye hakuliinua gari yeye. Tangu mwaka 2022, Mkataba 155 wa mwaka 1981 umo kati ya mikataba ya msingi ya Shirika la Kazi Duniani, na kifungu chake cha 13 kinamlinda mfanyakazi anayejiondoa penye hatari kubwa iliyo karibu, akiwa na sababu ya haki. Dereva aandike hitilafu na tarehe katika karatasi mbili, moja kwa msimamizi, moja kwa mjumbe wa chama. Kabari zikishafungwa, yubolti zikazwe tena baada ya siku chache za kazi, nalo liandikwe.