SOMO LETU: BETRI YA KAMERA NA ADAPTA SI KITU KIMOJA



Hapa Kola wako vijana wanaopata riziki kwa kupiga picha na video za harusi, ubatizo na komunyo ya kwanza. Kamera moja ikiungua, karo ya shule nayo imeenda. Kwa hivyo tujifunze kidogo.

Umeme wa betri huenda upande mmoja tu. Stima ya ukutani hapa Kenya ni volti 240, nayo hugeuka mbele na nyuma, mizunguko 50 kila sekunde. Adapta ina kazi mbili: kupunguza volti hizo, na kuufanya umeme uende upande mmoja kama wa betri. Lakini si kila adapta inafaa kila kamera. Tuangalie mambo matatu.

1. Volti. Mawe manne ya kawaida, kila moja volti 1.5, yakipangwa kwa mstari hutoa volti 6. Yale ya kuchajiwa ni 1.2 kila moja, jumla 4.8. Betri ya lithiamu iliyoandikwa 7.2 hufika 8.4 ikijaa, kisha hushuka polepole inapotumika. Adapta nzuri haishuki hivyo, hushika volti ile ile. Basi usinunue kwa kusoma betri. Soma maandishi yaliyo karibu na tundu la kamera, au kitabu chake. Volti zikizidi, kamera huungua.

2. Ampea. Hapa watu wengi huogopa bure. Kamera huchukua kiasi inachohitaji tu. Ikitaka ampea 1.5, adapta ya ampea 2 haina neno. Ile ya 0.5 ndiyo mbaya: volti zitaanguka, kamera izimike katikati ya misa, na adapta yenyewe ipate moto.

3. Chanya na hasi. Betri nyingi za lithiamu za kamera zimetengenezwa zisiingie kinyume. Plagi ya adapta inaweza kuingia vizuri kabisa na bado iwe kinyume! Linganisha alama za + na − kwenye adapta na kwenye kamera kabla ya kuwasha.

Ukiona moja kati ya haya halilingani, usijaribu "kuona tu". Tumia betri.

Maswali ya kujadiliana kikundini:
• Adapta zetu zimeandikwa volti na ampea ngapi?
• Kamera ya kikundi ikiharibika, nani atagharamia?