Kigoda na Kiti cha Enzi: Somo la Kuchunguza Kitu

Mara nyingi tunafundisha historia kwa maneno matupu, hali ushahidi wake umo majumbani mwa wanafunzi wetu. Katika makala haya tunapendekeza somo moja litokanalo na kigoda.

Zana. Mwalimu aazime kigoda cha mti kijijini, akiweke kando ya kiti cha darasani. Walio karibu na Mwanza waweza pia kuwapeleka wanafunzi kwenye Makumbusho ya Wasukuma, Bujora, ambako banda la watemi limejengwa kwa umbo la kiti cha mtemi.

Hatua ya kwanza: kuona. Wanafunzi wavipindue viti, watafute viungo. Kigoda hakina kiungo: fundi alikichonga chote, miguu na pa kukalia, kutoka gogo moja. Kiti cha darasani kimeungwa vipande. Hapo mwalimu aeleze kwamba huko Lamu, Mombasa na Unguja mafundi waliunga kiti cha enzi kwa mpingo, wakakitia njumu za pembe. Uingereza nako, katika karne ya 17, maseremala waliunga viti vya mwaloni kwa ulimi na tundu, wakavichonga maua mgongoni. (Mwaloni huo ni mti wa Ulaya, si Mwaloni wa Kirumba wanakouza samaki!)

Hatua ya pili: kuuliza. Nani alikikalia? Katika nyumba nyingi za Waingereza wa wakati ule, kiti chenye mgongo kilikuwa cha mwenye nyumba au mgeni wa heshima. Wengine waliketi kwenye vigoda na mabenchi. Kiti cha enzi vilevile kilikuwa cha wenye cheo. Lakini si kila kigoda kilikuwa cha mtemi. Mwanafunzi akidai hivyo, aulizwe: "Umejuaje?" Ubao ugawanywe sehemu mbili: "Tumeona" na "Tumeambiwa". Yasemwayo na wazee yaheshimiwe, ila yaandikwe mahali pake.

Hatua ya tatu: kulinganisha. Utawala wa watemi ulifutwa kisheria mwaka 1963, lakini kiti bado huonyesha cheo. Wanafunzi watazame darasa lao: nani ana kiti, nani yu benchini, nani yu sakafuni? Mwalimu asilikwepe swali hili, hata likimhusu yeye mwenyewe. Mtoto aliyejifunza kuliuliza ameanza kujifunza historia.