Mwalimu Mtarajiwa na Mzigo wa Ustawi wa Jamii

Mwalimu wa shule ya msingi hafundishi tu. Mtoto aingiapo darasani huingia na njaa yake, na ugomvi wa nyumbani kwao, na usingizi wa usiku aliokesha akimlea mdogo wake mwenye homa. Kwa hiyo mwalimu, atake asitake, huwa nusu afisa wa ustawi wa jamii; tofauti ni kwamba afisa huyo amefunzwa kazi hiyo, na mwalimu hakufunzwa. Katika makala haya tutaeleza jinsi tulivyoliona pengo hilo wakati wa mazoezi ya kufundisha huko Kimbiji, na somo tulilolitunga ili kuanza kuliziba.

Kimbiji ni kata ya pwani, kusini mwa jiji la Dar es Salaam. Zamani ilihesabiwa katika Wilaya ya Temeke. Sasa imo katika Wilaya ya Kigamboni. Daraja la Kigamboni lilipofunguliwa mwaka 2016 safari ya kutoka mjini ilipata wepesi, na wageni wengi wakaja kununua viwanja na kujenga. Hata hivyo wenyeji wengi wangali wakitazama bahari. Wakati wa bamvua, maji yakupwapo sana, baadhi ya madawati hubaki wazi kwa kuwa watoto wamekwenda miambani kutafuta pweza. (Mkufunzi asiyejua hesabu ya maji huandika neno moja tu katika ripoti yake: utoro.)

Huko tulimpeleka mwanachuo mmoja wa kike, miongoni mwa waliofanya vizuri zaidi katika darasa lake. Wiki ya pili tulipomkagua, ubao wake ulikuwa umepangwa vema, na zana za hesabu alikuwa amezikusanya mwenyewe: makombe, vifuu na kokwa za korosho. Tulimpa alama za juu, tukamshika mkono, tukaondoka. Wiki ya sita tulipomrudia tulimkuta mtu mwingine. Andalio la somo lilikuwa limenakiliwa kutoka la juma lililotangulia. Wanafunzi aliowajua wote kwa majina sasa aliwaita "wewe" na "yule pale". Tulipomuuliza kulikoni, alijibu, "Mkufunzi, watoto hawa hata uwafanyie nini, hawabadiliki."

Tuliketi naye chini ya mkorosho hadi jua likapungua. Alitueleza kwamba mapema alikuwa amemnunulia uji mvulana mmoja aliyekuwa akisinzia kwa njaa. Kesho yake wakaja watatu, na mwisho wa juma wakawa saba. Fedha zake za kujikimu zilikwisha kabla ya nusu ya mazoezi. Lakini lililomnyima usingizi halikuwa uji. Msichana wa darasa la tano alikuwa amemweleza jinsi anavyopigwa nyumbani, baada ya kumwapisha kwanza kuwa hatamwambia mtu yeyote. Mwanachuo wetu aliapa kwa huruma, akakitunza kiapo, na kila asubuhi akamtazama mtoto yule akiingia darasani asijue la kufanya.

Siku ile ile tulikwenda naye kwa Mwalimu Mkuu, na kutoka hapo shauri likafika kwa viongozi wa kata na kwa afisa ustawi wa jamii. Hatutasimulia zaidi, maana habari za mtoto ni zake. Tunalotaka kukiri ni hili: kosa lilikuwa letu. Katika wiki ya pili tulimkagua kwa fomu inayouliza habari za ubao, zana, sauti na hatua za somo. Hakuna mahali fomu ile inapouliza watoto wamempa mwalimu huyu mzigo gani.

Hali iliyompata ina jina na ina historia. Mwaka 1974 Herbert Freudenberger, mwanasaikolojia wa New York, aliandika juu ya watu waliojitolea katika zahanati ya bure iliyowahudumia vijana maskini. Aliona kwamba waliochoka upesi aghalabu ni wale walioipenda kazi kupita kiasi. Baadaye Christina Maslach, mtafiti wa California, alitunga pamoja na Susan Jackson kipimo kilichotolewa mwaka 1981, nacho hutazama pande tatu: uchovu wa moyo usioondoka kwa usingizi, ubaridi, yaani kuwaona watu unaowahudumia kama vitu, na hisia kwamba kazi yako haina matunda. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilipoeleza uchovu huu katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, liliuweka miongoni mwa mambo ya kazini wala si miongoni mwa magonjwa. Kwa maoni yetu hapo ndipo penye maana kubwa. Ikiwa chanzo ni kazi na namna ilivyopangwa, basi kumwambia mwanachuo "jikaze" ni kumtibu mtu asiye mgonjwa.

Tena tuangalie upande wa pili ulio hatari zaidi kwa mwalimu. Uchovu wa moyo twauonea huruma, ubaridi twaukemea. Yule aliyesema "hawabadiliki" angeweza kuandikiwa kuwa hana wito, kumbe maneno yale yalikuwa kilio.

Wenzetu wa ustawi wa jamii wana desturi ambayo vyuo vya ualimu havijaiiga. Mwanachuo wao anapokuwa katika mazoezi huwa na msimamizi, nao huketi pamoja mara kwa mara kuzungumza juu ya mashauri anayoyashughulikia: lipi limekwama, lipi linamuumiza, lipi apewe mtu mwingine. Nchini kwetu kazi hiyo imefundishwa kwa zaidi ya nusu karne, maana sheria ya kuanzisha chuo cha ustawi wa jamii, ambacho leo kipo Kijitonyama, ni ya mwaka 1973. Si mbali. Tungeweza kujifunza kwao zamani.

Somo tulilolitunga huchukua vipindi viwili vya dakika 40, kabla wanachuo hawajaenda mazoezini. Kipindi cha kwanza ni igizo. Mwanachuo mmoja huwa mtoto, mwingine mwalimu, na mtoto husema, "Nitakuambia, lakini uape." Karibu wote huapa mara ya kwanza. Hapo tunasimamisha igizo na kuuliza darasa: je, kiapo hiki kinamlinda nani? Kisha twajaribu jibu jingine, kwa mfano: "Nitakusikiliza, na sitalitangaza. Lakini likiwa ni jambo linalokuumiza, itanibidi nimwambie anayeweza kukusaidia, na nitakujulisha kwanza." Sentensi hizi hurudiwa hadi zitoke bila kigugumizi. Wanachuo waelewe pia kwamba hilo si hiari yao, kwa kuwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 humtaka kila mwanajamii anayejua kuwa haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa serikali ya mtaa wa mahali pale. Tena wafundishwe njia zenyewe: Mwalimu Mkuu, afisa ustawi wa jamii, dawati la jinsia na watoto la polisi, na simu ya huduma kwa mtoto, namba 116.

Kipindi cha pili ni cha daftari. Kila shauri huandikwa bila jina la mtoto, katika safu tatu: jambo lenyewe, sehemu yangu, na sehemu ya mwingine. Shauri la uji hufaa sana kwa zoezi hili. Sehemu ya mwalimu ni kuona njaa na kuisema. Chakula cha watoto saba ni jambo la kamati ya shule na wazazi. Safu ya tatu ndiyo wanachuo huiacha tupu, hasa wale wema.

Mazoezini, wanachuo walio katika shule za jirani hukutana kila Ijumaa kwa nusu saa na madaftari yao. Mwaka wa kwanza jambo hili lilitaka kutushinda. Wanaume walifanya mzaha, wakisema ni kikao cha kulia. Shule moja ilichukia, ikidhani siri zake zinatolewa nje, nasi tukalazimika kwenda kueleza na kuomba radhi. Lililo gumu zaidi ni kwamba safu ya tatu huweza kumtaja afisa aliye mbali, mwenye kata zaidi ya moja na asiye na usafiri. Hapo daftari halileti muujiza. Mwanachuo hujua tu kwamba kuchelewa kule si dhambi yake.

Katika fomu ya ukaguzi tumeongeza swali moja chini ya mstari wa mwisho: "Ni mtoto gani unayemfikiria usiku?" Idara haijalikubali bado, kwa hoja kwamba halina alama. Kwa sasa twaliuliza kwa mdomo, kabla ya kufungua fomu, na twawaomba wakufunzi wenzetu walijaribu katika mazoezi yajayo na watuandikie waliyojibiwa.