"Frateri, Hukutuuliza": Somo kutoka kwa Mjane na Chupa ya Mafuta



Leo tutafakari 2 Wafalme 4:1-7. Fungua Biblia, soma taratibu, halafu urudi hapa. Mimi nimelielewa somo hili baada ya kukosea.

Katika mwaka wangu wa kichungaji, Paroko alinituma kukisaidia kikundi cha WAVIU, yaani watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, pamoja na bibi wanaolea yatima. Walikuwa wameahidiwa ruzuku ya shilingi milioni mbili kwa mradi wa kujiongezea kipato. Nilikuwa nimetoka kumaliza shahada ya falsafa, basi nikajiona najua. Usiku mmoja tu nikaandika andiko la mradi: kuku wa mayai 100. Mfadhili akalipenda, akaomba tu pawekwe kibao. Tukaandika jina la kikundi na neno UKIMWI kwa herufi kubwa, tukakisimamisha barabarani.

Kuku walitaga, mayai hayakununuliwa. Watu walisoma kibao, wakaenda duka la mbele. Yai haliambukizi VVU, wala kula pamoja hakuambukizi, lakini hofu haiulizi daktari. Mtoto wa mama mmoja akaanza kuitwa majina shuleni. Chakula cha kuku kikamaliza fedha, tukawauza kuku kwa hasara. Siku ya kufunga hesabu mama yule akaniambia kwa upole: "Frateri, hukutuuliza."

Nikarudi kwa Elisha. Tazama alivyofanya yeye.

1. Aliuliza kwanza. Mjane ana deni, na mdai anakuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Nabii hakuja na andiko mkononi. Alimuuliza anataka afanyiwe nini, na nyumbani ana nini. Alikuwa na chupa ya mafuta tu, na muujiza ukaanzia hapo. Kanisa linaiita kanuni ya auni, ambayo Papa Pius XI aliifafanua mwaka 1931 katika waraka Quadragesimo Anno: mkubwa asimnyang'anye mdogo kazi anayoiweza mwenyewe, bali amsaidie aifanye. Mimi niliwanyang'anya wale mama hata kufikiri.

2. Majirani walitoa vyombo. Mafuta yalikuwa ya mjane, vyombo vilikuwa vya mtaa. Na mafuta yalikoma vyombo vilipokwisha! Neema haikupungua, vyombo ndivyo vilivyopungua.

3. Mlango ulifungwa. Mjane alimimina mafuta ndani, yeye na wanawe, bila watazamaji. Msaada wa kweli hautangazi jeraha la mtu. Hata Sheria ya UKIMWI ya Tanzania ya mwaka 2008 inalinda siri ya hali ya mtu na inakataza unyanyapaa. Kibao changu kiliufungua mlango ambao Mungu aliufunga.

4. Auze, alipe deni, kisha waishi kwa kilichobaki. Lengo ni nyumba isimame. Dawa za ARV hutolewa bure, lakini nauli ya kwenda kliniki si bure, na kumeza dawa kwa tumbo tupu ni mateso. Kipato kidogo cha kila siku humsaidia mgonjwa asikatishe dawa, na mtoto abaki shule.

Basi tuling'oa kibao. Zilikuwa zimebaki shilingi laki tatu na ushee. Safari hii niliuliza, nikanyamaza, nikaandika tu walichosema. Kumbe mama yule alikuwa akipika vitumbua tangu ujana wake. Alihitaji karai na gunia la mchele. Mwingine alikuwa na cherehani iliyoharibika. Bibi mmoja alijua kusuka mikeka, akakosa mtaji wa ukindu. Wakakubaliana kila mmoja arudishe kidogo kidogo kwenye kikundi, ili zamu imfikie mwenzake. Si wote waliofaulu. Mmoja aliugua, mtaji ukaishia hospitali, na kikundi kikamsamehe. Lakini vitumbua vinauzwa hadi leo, na wanunuzi hawaulizi chochote zaidi ya bei.

Kijana mwenzangu, pengine huna milioni mbili. Una chombo gani? Unajua kutunza daftari la hesabu? Una baiskeli ya kubebea mzigo? Unaweza kununua kitumbua bila kunong'ona?

Maswali ya kujadili kwenye jumuiya:
- Mara ya mwisho tulipomsaidia mtu, tulimuuliza nini kabla?
- Ni siri ya nani tumeitangaza kwa jina la huruma?

Tusali: Ee Bwana, tuondolee haraka ya kutoa majibu. Utupe masikio ya kusikiliza na mikono ya kuazima vyombo. Uwalinde ndugu zetu wanaoishi na VVU, uibariki kazi ya mikono yao. Amina.