Joto la Bahari na Samaki Wadogo

Bahari za dunia zinazidi joto, kwa kuwa hewa itokayo katika makaa ya mawe na mafuta yachomwayo huzuia joto lisitoke duniani. Samaki hana joto lake mwenyewe kama mtu. Mwili wake hufuata joto la maji. Maji yakizidi joto, yeye huhitaji hewa nyingi zaidi; lakini maji ya joto hushika hewa kidogo kuliko maji baridi. Basi haja yake huongezeka, na riziki yake hupungua.

Tena yako matumbawe, nyumba ya samaki wengi wadogo. Hujengwa na vinyama vidogo sana, na ndani ya miili yao hukaa mimea isiyoonekana kwa macho, iwapayo chakula na rangi. Bahari ikizidi joto kwa majuma kadhaa, vinyama huitoa mimea ile, na matumbawe huwa meupe. Joto lisipopungua upesi, vinyama hufa njaa. Ndivyo yalivyokufa matumbawe mengi ya pwani ya Kenya na Tanzania mwaka 1998. Matumbawe mafu huvunjika; ndipo samaki mdogo hukosa pa kujificha, naye huliwa. Samaki akipungua, chungu cha mvuvi nacho hakijai.

Maswali
1. Kwa nini maji ya joto humtaabisha samaki?
2. Matumbawe huwa meupe kwa sababu gani?